Shule ya Nyuma ya Mlango

Rafiki yangu, sijui kama umewahi kukaa nyuma ya bodaboda huku umekumbatia mlango. Mie nimewahi, tena si zamani, ni mwezi uliopita tu. Mlango mzima wa mbao, na bawaba zake mbili, kutoka Madale mpaka kwangu Kibamba. Kila upepo ulipotupiga pikipiki ilinyanyuka kidogo, dereva akawa anapiga kelele, "Braza, ulaze! Ulaze, tutapaa!" Tulipopita penye watu, walioshika mahindi ya kuchoma waliacha kutafuna. Mmoja akatuuliza, "Huo mlango tumeuona, nyumba yenyewe inakuja na boda ya nyuma?" Nikacheka na mie. Kucheka ndiyo tabia yangu, hata msibani huwa wananikanyaga mguu. Lakini upande wa mlango ulionigusa kifuani ulikuwa mweusi, na nilikuwa naufunika kwa koti langu manyunyu yasiufikie.

Siku hiyo asubuhi dada yangu ndiye aliyenipigia simu. Dada yangu hana salamu ndefu.

"Aliyenunua nyumba ya Madale anaivunja kesho kutwa. Njoo uchukue mlango wako."

"Mlango wangu?"

"Wa chumba cha Mama. Au nimwachie afanye kuni?"

"Wee, usithubutu!"

"Basi njoo."

Nikaenda. Na kwa kuwa wewe ni mtu wangu, ngoja nikueleze ule mlango ni nini.

Madale ya utoto wangu haikuwa hii ya mageti na kamera. Ilikuwa vilima, mikorosho, nyumba moja hapa na nyingine kule, na tumbili wengi kiasi kwamba ungefanyika uchaguzi wangeshinda. Baba alikuwa karani wa ofisi moja huko Kinondoni. Aliondoka hata jogoo wetu hajaamka, na akirudi jogoo amekwisha lala, kwa hiyo nadhani wale wawili hawakuwahi kujuana. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wote wawili watu wa bara, wa kwenye baridi, waliokuja pwani na masweta yao wakayakunja kabatini. Watoto tulikuwa wawili tu, dada na mie. Dada alinizidi miaka mitatu, na kila siku alinikumbusha kama vile alikuwa ameifanyia kazi.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama mmoja wa kusini, mnene, mcheshi, aliyeswali swala zake tano na kati ya swala na swala akapika. Mumewe alikuwa mchonga vinyago. Kutoka kwao kulikuja mlio wa tezo asubuhi mpaka jioni, ko, ko, ko, na harufu ya mpingo mbichi, ambayo mpaka leo nikiinusa popote nageuka kumtafuta mtu. Kwetu tulikuwa watu wa ugali na maharage. Yule jirani ndiye aliyetufundisha kisamvu cha nazi. Mara ya kwanza nililamba bakuli hadi Mama akaniuliza kama nataka kula na maua yaliyochorwa ndani.

Mama alianza kuumwa kidogo kidogo. Kwanza alipumzika mara moja kupanda kile kilima cha kwetu akitoka kazini, baadaye mara tatu, baadaye akawa anakaa chini kabisa kwenye jiwe, mkoba mapajani, anatabasamu kama mtu anayeangalia mandhari. Kisha miguu ikavimba. Walikwenda hospitali na Baba, wakarudi na mfuko wa dawa na neno moja jipya: moyo umepanuka. Mie nikafurahi! Wallahi, nilifurahi. Nilidhani moyo mkubwa ni sifa. Nikaenda kumtangazia jirani, naye akanivuta akanikumbatia kwenye khanga yake yenye harufu ya nazi, akalia, nikashangaa mtu kulia kwa furaha namna ile.

Daktari alisema Mama asifanye kazi, asipande kilima, asiachwe peke yake. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Baba akiacha kazi hatuli. Jirani alikuwa na watu wake. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto. Baba alikaa siku mbili anakuna kichwa, na siku ya tatu Mama mwenyewe akakata shauri.

"Waache wakae na mimi. Mwaka huu nitawafundisha mwenyewe."

"Utawafundishaje, mama, nawe hata kuongea unachoka?"

"Kwa kulala. Kuna walimu wengi tu wanafundisha huku wamelala, mimi angalau nitakuwa kitandani."

Mwalimu mkuu wa shule yake alikuwa rafiki yake, akakubali tubaki kwenye orodha na twende kufanya mitihani tu. Jumapili hiyo Baba akatwanga makaa, akachanganya na unga mweusi wa betri kuukuu na majani ya viazi, akapaka upande wa ndani wa mlango wa chumba cha Mama. Akapaka mara tatu. Alipomaliza alikuwa mweusi kuliko ubao. Ulipokauka, ukifunga mlango, Mama aliye kitandani anatazamana na ubao wake. Kwa hiyo, rafiki yangu, dunia nzima shule hufunguliwa kwa kufungua milango. Ya kwetu ilifunguliwa kwa kufunga.

Na sheria ilikuwa moja. Mlango ukiwa wazi, yule kitandani ni Mama. Ukifungwa, ni mwalimu. Tulisimama, dada na mie, tukiwa tumechana nywele na kuvaa sare zetu kamili mpaka soksi, ingawa tulikuwa tumetoka jikoni hatua nne.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mama, miguu inauma?"

Akanitazama juu ya miwani. "Mama yako yuko nje. Hapa kuna mwalimu. Una swali la somo?"

Nilifungua mlango, nikauacha wazi, nikarudi, nikauliza upya. Akasema inauma kidogo, asante. Nikafunga mlango, tukaendelea na mito ya Tanzania.

Kengele yetu ilikuwa kijiko na kikombe cha bati, juu ya kigoda kando ya kitanda. Kugonga mara moja: somo linaanza. Mara mbili: mapumziko, nendeni mkanywe uji. Mara tatu harakaharaka: mwiteni jirani. Mara tatu hatukuifanyia mzaha. Hata tumbili nadhani walikuwa wanaijua. Ilipopigwa tulikimbia, jirani alikuja na unga mikononi, akamkalisha Mama, akamwekea mito mgongoni na kumpepea kwa ungo, na mie nikabaki mlangoni nimeshika kitu chochote, kiatu, mwiko, kitabu, nikisubiri mtu aniambie nikifanyie nini. Hakuna aliyeniambia. Utoto wangu wa mwaka ule ulikuwa huo: kusimama mlangoni nimeshika mwiko.

Lakini usidhani tulikuwa tunalia tu. Mchonga vinyago alituchongea vijiti vya kuhesabia, mia moja kamili, vya mpingo, vimesuguliwa vikang'aa. Watoto wenzetu walihesabia vifuniko vya soda, sie tunahesabia mpingo! Nadhani tulikuwa shule tajiri kuliko zote Afrika Mashariki. Uji wa ulezi niliupika mie mwenyewe, mzito kiasi kwamba kijiko kilisimama katikati kama mlinzi wa benki. Tulichambua mchele huku tunaimba wilaya. Tulifua huku tunakariri mfumo wa chakula. Na kila kitu kwa Mama kilikuwa somo. Siku moja alivuta khanga, akabonyeza muundi wa mguu wake kwa kidole gumba, pakabaki shimo.

"Sayansi," akasema. "Hesabuni mpaka lifutike."

Tukahesabu. Siku ile tulifika ishirini na mbili. Baadaye tukawa tunahesabu kila Jumatatu, na nilikuwa nahesabu harakaharaka ili namba iwe kubwa, nikidhani ni mashindano. Dada alinifinya. "Hesabu pole pole, mjinga wewe. Ikiwa kubwa siyo vizuri." Basi nikawa nahesabu pole pole mno, moja… mbili… kama mtu anayemsubiri bibi apande ngazi. Shimo halikujali.

Sasa tufikie penyewe.

Kulikuwa na kitabu kimoja cha hesabu, kinene, jalada lake limebanduka, Mama akalivalisha karatasi ya kaki. Alikipenda kile kitabu kuliko Baba alivyoipenda redio. Siku moja sie tuko nje chini ya dirisha tunachambua mchele, jirani yuko ndani anampaka Mama mafuta miguuni, wanazungumza.

"Shoga, usikate tamaa," jirani alisema.

"Nani akate tamaa? Mimi sifi kabla hawa hawajamaliza hiki kitabu cha hesabu. Mungu nimeshamwambia."

"Basi Mungu akinenepeshe!"

Wakacheka wote wawili, Mama akakohoa, wakacheka tena. Nje, dada alikuwa ameacha kuchambua. Mkono wake ulikuwa juu ya ungo, umekamata mchele.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

"Nimesikia."

"Zimebaki kurasa thelathini na nne."

Dada alikuwa mtu wa kujua vitu kama hivyo. Alipiga hesabu palepale kwa vidole: ukurasa mmoja kwa siku, tungemaliza hata masika hayajaanza. Akanitazama kwa macho yake yale ya uchifu.

"Basi hatumalizi."

Ndivyo tulivyoanza kazi ya ujinga. Na ujinga ni kazi, rafiki yangu, usidanganyike! Kukosea hesabu unayoijua, tena kwa namna ambayo mwalimu haoni kuwa unaijua, kunataka akili kuliko kupata. Saba mara nane, nikasema hamsini na nne. Nikasema arobaini na nane. Siku moja nilisema sabini na tisa, dada akanikanyaga kwa sababu nimezidisha. Tulisahau kuazima. Tulisahau baki. Magazijuto, ile ya kuanza na mabano, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa, sie tuliigeuza kama chapati. Ukurasa uliotakiwa siku moja ukachukua wiki. Mwingine ukachukua wiki mbili. Na kila jioni dada alifungua kitabu kuangalia tulipofika, akakifunga, akalala kwa raha. Masika yalikuja na kurasa ishirini bado zipo. Tulikuwa tunamshika Mama kwa ukurasa.

Mama hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alifundisha upya. "Saba… mara nane." Anapumua. "Chukua vijiti… saba." Anapumua. "Panga… mafungu nane." Nami nikavipanga vile vijiti vya mpingo sakafuni, nikijua jibu tangu jana, tangu mwezi uliopita, nikisikia pumzi yake inavyotafuta njia kifuani. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikwisha anza kuona kwamba kila kosa langu analilipia yeye kwa pumzi. Nikikosea, anaongea zaidi, anachoka. Nikipata, kitabu kinakwisha. Nilimweleza dada. Akasema, "Sasa unataka nini? Akae amechoka, au asikae?" Mpaka leo ukiniuliza hilo swali nitakuomba maji ya kunywa kwanza.

Kisha ikaja jioni ile. Baba alikuwa amewahi kidogo, yuko chumbani anamwosha Mama miguu kwenye beseni. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo aliyekuwemo mle alikuwa Mama, si mwalimu. Mie nilikuwa kwenye korido na kandili, nilitumwa kupeleka taulo.

"Baba," Mama alimwambia, maana ndivyo alivyomwita, "nadhani nilikuwa mwalimu mbaya siku zote."

"Umeanza."

"Kweli. Watoto wa wenzangu nimewafaulisha. Wangu mwenyewe wamekuwa wazito. Walikuwa wepesi hawa. Nimewaharibia mwaka mzima, na nilikuwa na huu tu wa kuwapa."

Nilisikia maji tu kwenye beseni. Nikabaki pale na taulo langu, mwiko wangu wa siku ile, mpaka Baba akaita, "Wewe, taulo liko wapi?"

Kesho yake dada alikwenda bombani kuchota maji. Bomba lilikuwa bondeni, na foleni ya ndoo ilikuwa ndefu hadi watu walichumbiana humo. Mama aligonga kikombe mara moja. Nikafunga mlango.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Tulifika wapi?"

Nikachukua chaki. Nilianza na ukurasa tuliokuwepo, nikaandika swali la kwanza, nikalifanya. La pili, nikalifanya. Kugawanya kwa njia ndefu, nikashuka nayo ngazi kwa ngazi mpaka baki. Nikafunua ukurasa. Nikayafanya yale tuliyojifanya hatuyajui, na yale ambayo hajatufundisha bado lakini nilikuwa nimeyasoma kwa siri nikiwa jikoni, maana ukikaa na kitabu miezi sita unakijua tu. Niliandika mpaka chini ya mlango nikapiga magoti, nikafuta kwa kitambaa chenye maji vumbi lisimkohoze, nikaanza juu tena nimesimama kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sikufanya maswali yote ya kurasa zote, nisikudanganye. Kila ukurasa nilichukua swali la mwisho, lile gumu. Mwisho kabisa nikaandika zoezi la mwisho la kitabu, maswali kumi, yote kumi. Jasho lilikuwa linanitoka utadhani nimelima ekari.

Nilipogeuka Mama alikuwa amekaa, hakuegemea mto. Miwani alikuwa ameivua.

"Jisahihishe," akasema. "Weka vema… la kwanza. Vema. La pili vema."

Nikajipigia vema kumi. Na Mama akacheka. Cheko hilo sijui nikueleze vipi. Lilianza dogo, likapanda, likasikika hadi kwa jirani, tezo la mumewe likanyamaza. Akanifanyia ishara nisogee, akanishika uso kwa mikono yote miwili, na mlango ulikuwa umefungwa! Alivunja sheria yake mwenyewe. "Mwanangu," akasema. Si "mwanafunzi." Mwanangu.

Dada alirudi na ndoo kichwani. Akasukuma mlango kwa mguu, akaingia, ukajifunga nyuma yake, akageuka kuangalia ninachokitazama. Aliusoma ubao wote bila kutua ndoo. Kisha ndoo ikatua yenyewe, maji yakaenda mpaka chini ya kitanda.

"Umefanya nini wewe?"

Akalirukia lile tambara la kufutia. Mama akamzuia. "Usifute. Acha baba yenu aone." Akatutazama, mmoja na mwingine, kwa muda. Dada akaanza kulia. Baba alipokuja, aliinua kandili mbele ya mlango akasoma kuanzia juu mpaka chini, karani yule, akifuata kwa kidole, kisha akazima redio yake usiku ule bila kusikiliza habari.

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Ya tatu asubuhi, Baba kesha kwenda kazini, kikombe kikalia. Mara tatu. Kikatulia, kikalia tena mara tatu. Nikakimbia kwa jirani pekupeku.

Kilima chetu siku za mvua kilikuwa kinateleza, hata mjusi angehitaji njumu. Mchonga vinyago alipata gari huko barabarani, lakini likakwama chini kabisa, magurudumu yanazunguka tu, yanarusha tope. Machela hakuna. Kiti kingemwumiza. Yule mzee akaingia chumbani, akatazama huku na huku, akatoa patasi yake kiunoni, akaung'oa mlango kwenye bawaba. Dakika haikuisha. Wakaulaza sakafuni, upande mweusi juu, jirani akatandika khanga, wakamlaza Mama juu ya hesabu zangu. Wanaume wanne wakanyanyua.

Nilitembea pembeni mpaka mwisho wa uwanja. Mama alikuwa ameshika kijiko bado. Nilitaka kumwambia nimekosea lile la saba, kuna kosa, kitabu hakijaisha, turudi. Kweli, nilifungua mdomo. Nikaona macho yake yamenigeukia, na anatafuta pumzi tu, nikafunga mdomo nisimpe kazi ya kunijibu. Wakashuka nao wakiteleza, wakishika mikorosho, mpaka mie na dada tukabaki mbele ya nyumba isiyo na mlango wa chumbani, chumba kinatutazama.

Alasiri, mchonga vinyago alirudi peke yake, mlango kichwani. Aliuegemeza ukutani taratibu, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na kofia yake mkononi. Niliutazama ule mlango. Hesabu hazikuwepo. Zilifutika zote katikati, pakabaki weusi mtupu wenye umbo la mtu, na pembeni juu, mahali pasipoguswa, vema moja. Khanga ya Mama ililetwa siku iliyofuata na jirani, ameikunja. Nilipoikunjua, nyuma kulikuwa na chaki nyeupe, tarakimu zimegeuka, hazisomeki.

Dada aliniambia neno moja tu. Jioni ile mlango uliporudi, nyumba imejaa watu wa msiba na nyimbo, akanipita mlangoni.

"Si umemaliza?"

Basi. Hakurudia, wala mie sikumjibu, na miaka zaidi ya thelathini tumeishi kama ndugu wazuri, tunapigiana simu, tunapeana mchele, tunacheka, na lile neno limekaa katikati yetu kama mgeni ambaye hakuna anayemuuliza ataondoka lini.

Nilirudi shule ya kweli. Kila likifika somo la hesabu nilitazama dirishani. Sikutaka kumaliza kitabu chochote. Nilifeli kwa kishindo, walimu walikuja kutoka vyumba vingine kutazama. Nikabeba mizigo, nikauza maji, nikawa fundi msaidizi wa kila fundi wa Kibamba. Nilikwisha pata mke ndipo nikaingia madarasa ya jioni, darasa la watu wenye vipara na mimba na funguo za maduka, na mwalimu wetu, kijana wa kuzaa mwenyewe, akatufikisha zoezi la mwisho la kitabu. Nikaomba ruhusa, nikatoka, nikakaa nje kwenye baiskeli ya mtu mpaka akaja kuniita. "Shikamoo mzee, kuna tatizo?" Nikamwambia vumbi la chaki. Nikarudi nikamaliza. Cheti ninacho, nimekitundika juu ya luninga ili mtu asiweze kuangalia taarifa ya habari bila kukiona.

Sasa, mwezi uliopita. Nimefika Madale na kilima chetu kina lami. Lami, rafiki yangu! Nyeusi, laini, gari dogo linapanda huku dereva anaongea na simu. Nilisimama nikaitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Kwa jirani kuna ghorofa, yeye na mzee wake walirudi kwao kusini zamani, na hakuna ko ko ko wala harufu. Tumbili sijui walihamia wapi. Baba yuko kwao kwenye baridi, ameyarudia masweta. Ndani ya nyumba dada alikuwa amekwisha ung'oa mlango mwenyewe, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Vema yako ipo," akasema.

Ilikuwepo. Wapangaji wote wale, hakuna aliyeipaka rangi.

Tukakaa. Dada akawa anachora chini kwa kijiti. Kisha, bila kunitazama:

"Kuna kitu sikukuambia. Siku ile ulipofanya zile hesabu. Ulipotoka kwenda kumwaga maji, Mama aliniita. Akaniambia, 'Usimchukie mdogo wako. Nilijua mnanidanganya, nilijua tangu kile kiangazi. Nikawaacha, na mimi nilikuwa sina haraka. Lakini nilikuwa nimechoka, mwanangu. Amenipa likizo.'"

Nikaigusa ile vema kwa kidole.

"Akasema nikuambie. Nikasema nitakuambia kesho. Halafu nikawa na hasira nawe. Halafu ikawa kesho nyingi."

"Dada."

"Najua."

"Miaka yote hii."

"Najua, bwana. Nilikuwa na kumi na mbili." Akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akanyanyuka, akashika upande mmoja wa mlango. "Shika huko. Usije ukauangusha, hujawahi kuwa na nguvu."

Tukautoa nje pamoja, mie mbele, yeye nyuma, tukashuka nao kilima kile mpaka kwenye bodaboda. Tulishuka pole pole kuliko ilivyohitaji lami.

Jumamosi nilimleta fundi auweke chumbani kwetu. Fundi mwenyewe ni wale wa haraka, msumari mdomoni, anaongea kwa pembeni. Akaugeuza huku na huku, akanuna kwa ule weusi.

"Mzee, huu upande tuupige msasa kwanza?"

"Usiuguse."

"Basi tuutazamishe nje, usiuone ukiwa umelala?"

"Hapana," nikamwambia. "Utazame kitandani."

Akaufunga kwenye bawaba. Mke wangu alikwenda sokoni, watoto walikuwa nje wanacheza. Fundi alipoondoka niliufunga, nikasimama mbele yake na kandambili zangu, nikachomekea shati.